Intaneti isiyo na waya: tusubiri au tujijengee wenyewe?

mgeni_wa_mnara: Wakuu habari zenu. Tupo nyumba kama kumi na mbili, faiba haina hata dalili ya kufika, wote tunategemea intaneti ya simu. Asubuhi inapaa vizuri, ikifika saa mbili usiku ukurasa unazunguka tu mpaka unaamua kulala, na vijiti vya 5G vimejaa vyote! Inakuwaje hii? Mmoja wetu anataka tununue dishi la setilaiti tugawane, mwingine anasema tusubiri 6G. Nipeni mawazo, maana nisije nikachangisha watu hela halafu mwakani kila kitu kikawa kimebadilika.

fundi_masafa: Mkuu, vijiti vinakuonyesha nguvu ya mawimbi tu, havikuambii mnagawana wangapi. Kila upande wa mnara una uwezo wake na wote mlioko upande huo mnakula sahani moja, na hiyo saa mbili usiku ndiyo kila mtu ameketi mezani. Halafu mnara nao lazima ulishwe kutoka nyuma, kwa faiba au kwa mawimbi ya redio, bomba la nyuma likiwa jembamba basi 5G inabaki kuwa maandishi kwenye skrini. Kuhusu 6G sahau kwanza, viwango vyake bado vinaandikwa, watu wanazungumzia 2030 huko. Na msitegemee muujiza, masafa yanayobeba data nyingi kabisa, yale ya gigahezi 24 kwenda juu, yanazuiwa na ukuta, majani, hata kiganja chako ulichoshikia simu.

dishi_juu: Mimi natumia setilaiti. Zile za zamani zipo kilomita 35,786 juu, ukisema haloo inapita zaidi ya nusu sekunde ndio unasikia jibu. Za Starlink ziko kama kilomita 550 kwa hiyo unaongea kwa video bila shida. Ila dishi linataka anga wazi kwelikweli, langu lilikuwa na tawi moja tu pembeni na kila baada ya dakika kadhaa sauti inakatika sekunde tatu nne, nilihangaika na ruta wiki nzima kabla ya kupanda juu ya bati nikaona mwenyewe. Na someni masharti kabla ya kugawana, kifurushi cha nyumbani mara nyingi hakiruhusu kuuziana.

paa_kwa_paa: Jengeni. Kule Catalonia, Hispania, guifi.net (mtandao wa intaneti uliojengwa na wananchi wenyewe) walianza 2004 na antena za waifai juu ya mapaa, leo wana hadi faiba zao. Laini moja nzuri ikiingia nyumba moja, antena za kuelekeza za gigahezi 5 zinasukuma kilomita kadhaa mradi paa lionane na paa. Sisi tulikuwa nyumba kumi na nne, redio, yaani vifaa vya kurusha mawimbi, hazikutusumbua sana, watu ndio walitusumbua 😂 nani anapanda radi ikiunguza kifaa, nani hajalipa miezi mitatu na ni shemeji wa mweka hazina. Tulikwenda vizuri miaka miwili, halafu mwenye paa la antena kuu akahama, mpangaji mpya hataki kusikia habari ya kamba kwenye bati lake. Andikishaneni mapema.

fundi_masafa: Naongezea, msirukishe kutoka nyumba hadi nyumba kwa redio moja ileile, kila ruko spidi inakatika karibu nusu. Na mnaouliza mambo ya mbele angalieni gigahezi 6 kuliko 6G. Marekani 2020 walifungua megahezi 1,200 hapo kwa waifai bila leseni, Ulaya wakatoa 480 tu, na sehemu ya juu iliyobaki kampuni za simu zinaitaka. Gigahezi 6 yote ikienda kwao, watu kama nyie mtabaki kubanana kwenye masafa yaleyale ya siku zote, na ile ya gigahezi 2.4 hata oveni ya maikrowevu inaichafua.

mgeni_wa_mnara: Asanteni sana wakuu. Kumbe hata dishi tukigawana ni sahani ileile. Jumamosi tunapanda kuangalia kama mapaa yanaonana, ila tayari nauona mti mmoja mkubwa katikati na mwenyewe ndiye aliyegoma kuchangia.

paa_kwa_paa: Huyo mpeni intaneti ya bure 😂