Pluto kuvuliwa usayari: ilikuwa haki?

Mleta mada:
Wakuu, kesi hii ni ya zamani lakini kwangu haijafungwa. Tarehe 24 Agosti 2006, wanaastronomia waliokutana Prague walipiga kura: sayari ni gimba linalolizunguka Jua, lenye uzito wa kutosha kulifanya liwe duara, na lililosafisha magimba mengine kwenye njia yake. Pluto ilipita masharti mawili ya kwanza, ikaangushwa na sharti la tatu. Tangu hapo ni sayari kibete.

Hilo la tatu ndilo linalonikera. Linahukumu gimba kwa majirani zake. Ihamishe Utaridi, ambayo hakuna anayeitilia shaka, uiweke kule iliko Pluto, mbali na Jua mara 40 hivi kuliko Dunia. Nayo ingeshindwa kusafisha njia, kwa maana kule ni kupana mno na mwendo ni wa pole. Haijabadilika hata jiwe moja, lakini imepoteza cheo!

Halafu tazameni picha za chombo cha New Horizons, kilichopita pale Julai 2015. Kuna uwanda wa barafu ya naitrojeni usio na shimo hata moja la kimondo, maana yake uso wake bado unajifanya upya. Pembeni kuna milima ya barafu ya maji. Huo ni ulimwengu mzima, jamani.

Kokoto:
Mkuu, picha nzuri si hoja. Ceres ilipogunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo, tarehe 1 Januari 1801, iliitwa sayari. Zikafuata Pallas, Juno na Vesta, kisha wenzao wakaanza kumiminika, na watu wakaona hili ni kundi la asteroidi, yaani magimba madogo ya mawe yanayolizunguka Jua. Hakuna aliyeililia. Pluto imepitia njia ileile: mwaka 2005 likaonekana gimba jingine, Eris, lenye uzito unaoizidi Pluto kwa karibu robo. Ukiirudisha Pluto, Eris inaingia kwa mlango gani usioingiza na wengine?

Na hilo la majirani, mbona sharti la kwanza hulisemi? Ganimedi, mwezi wa Mshtarii, ina kipenyo cha kilomita 5,268, Utaridi 4,880 tu. Ganimedi haiitwi sayari kwa sababu moja: inaizunguka Mshtarii. Hapo mahali palipoamua, ulinyamaza.

Mpita njia:
Swali la haraka: Neptuni imesafisha nini, ikiwa Pluto inakatiza ndani ya njia yake? Kati ya 1979 na 1999 Pluto ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na Jua.

Kokoto:
Kusafisha si kufagia hadi chembe ya mwisho, ni kutawala. Neptuni ikizunguka mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili, na mvuto wa Neptuni ndio unaoishikilia kwenye mpangilio huo. Ndiyo maana hazigongani.

Mleta mada:
Ya Ganimedi umenibana, nakiri. Basi nakwenda mbele zaidi: kila gimba lililo duara kwa uzito wake, na lisilo nyota, liitwe sayari, miezi ikiwemo. Zikizidi mia, zizidi. Nani kasema lazima zitoshe kwenye vidole?

Ila na wewe unijibu hili. Maneno yaliyopigiwa kura yanataja Jua letu peke yake. Maelfu ya sayari tulizozigundua kwenye nyota nyingine, kwa maneno hayo, ni nini?