Minneapolis mwezi wa Januari na begi la mkononi tu: nipange vipi?

Mgeni_wa_Baridi

Hamjambo wadau. Nasafiri kutoka JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi, ulioko Embakasi) kwenda Minneapolis kupitia Amsterdam, siku 12, katikati ya Januari. Tiketi yangu ni ya begi la mkononi tu: begi moja la sentimita 55 kwa 35 kwa 25, na kibegi cha 40 kwa 30 kwa 15, vyote viwili visizidi kilo 12. Nitafikia kwa dada yangu, na mashine ya kufua ipo. Kutakuwa na kutembea nje, kanisani, dukani na pembeni mwa ziwa. Naomba kujua nibebe nguo gani na ngapi, na koti nilinunue hapa Nairobi au nisubiri kule. Mwenye uzito kwa gramu anipe, tafadhali.

Kamba_na_Mizani

Karibu. Kabla ya nguo, pima begi lenyewe likiwa tupu. Sanduku la magurudumu lenye ganda gumu hula kilo 2.5 hadi 3 kabla hujatia hata soksi. Begi la mgongoni la kitambaa, lita 35 hadi 40, lina kilo 1 na kidogo. Tofauti hiyo inatosha kubeba zaidi ya nusu ya nguo zako za safari. Na magurudumu yale madogo hayaendi popote kwenye theluji.

Sasa hali ya hewa. Minneapolis Januari, kwa wastani mchana hufika nyuzi -5 na usiku hushuka hadi -13, na siku za -20 zipo. Usisahau upepo: kukiwa -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi kama -20. Lakini ndani ya nyumba, magari na maduka ni 20 hadi 22. Kwa siku moja utatoka na kuingia mara nyingi, kwa hiyo nguo zako lazima zivulike upesi. Sweta moja nene la kilo nzima halikusaidii: ndani utatoka jasho, na ukitoka nje na jasho hilo utatetemeka.

Joto hutunzwa na hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Uzito wa nguo hauna joto. Ndiyo maana tabaka tatu nyepesi hushinda koti moja zito: nguo ya ndani ya sufu laini inayobana mwili, juu yake flisi (sweta jepesi la polista lenye manyoya laini), halafu koti la kuzuia upepo.

Hesabu ya begi, kwa siku 12 huku ukifua mara mbili: begi gramu 1,100, vesti mbili za sufu za mikono mirefu, 450, taiti mbili za sufu au za polista, 400, mashati au blauzi mbili, 400, sweta la flisi, 350, longi moja ya ziada isiyo jinzi, 450, soksi za sufu pea tatu, 270, chupi tano, 300, champali za ndani, 250, vya kuoga na mafuta, 500, simu, chaja na pawabanki, 700, hati na karatasi, 200. Jumla ni gramu 5,370. Una zaidi ya kilo sita za zawadi, na hukulipa kitu.

Koti, buti, longi ya pili, kofia ya mavin (ile ya kufumwa inayofunika masikio), skafu na glavu hazimo kwenye hesabu hiyo kwa sababu unazivaa, au unazitia mfukoni mwa koti.

Jinzi acha nyumbani. Moja ina gramu 700 hivi, haizuii upepo, ikilowa theluji huchukua siku nzima kukauka, na ikilowa inakunyonya joto mapajani. Vesti za pamba ni hivyo hivyo: pamba hunywa jasho na kulishika mwilini. Nguo moja ya pamba iliyolowa chini ya koti zuri inatosha kuharibu kazi ya koti lote.

Belo_la_Asubuhi

Koti nunua hapa. Gikomba na Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, zina makoti ya baridi kali yaliyotoka nchi hizo hizo za theluji, na mengi hayajavaliwa sana. Fika mapema belo (robota la mitumba) linapofunguliwa, uliza kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na usiogope kukagua polepole. Hivi ndivyo vya kuangalia.

Upepo kwanza. Weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi upande wa pili, upepo wa kule nao utapita. Pili zipu: ivute juu chini mara tano, uangalie hasa meno ya chini pale inapoanzia, maana hapo ndipo huliwa. Zipu ya koti ikifa ukiwa nje kwenye -15, vifungo peke yake havikuokoi. Tatu urefu: lifunike makalio, liwe na kofia yake, na mikono iwe na lastiki au mkanda wa kukaza kwenye kifundo. Nne, lijaribu ukiwa umevaa sweta, uinue mikono yote juu. Likipanda hadi kiunoni au likikubana kwapani, ni dogo. Koti linalobana huminya ile hewa iliyotajwa hapo juu, na joto linaondoka nayo.

Kama ni la manyoya ya bata, soma lebo. Ikiandika 80/20, ni sehemu 80 za manyoya laini ya kifuani na 20 za manyoya yenye vijiti. Yale laini ndiyo yenye joto. Libonyeze kwa kiganja uachie: lisipofutuka tena, manyoya yamechoka au yameshikana kwa unyevu. Pitisha vidole kwenye mishono. Vijiti vikitokeza kila mahali, weka chini uendelee kutafuta.

Sufu wengi hudanganywa. Si kila sweta la kuwasha ni sufu. Chomoa uzi mdogo kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti ukiwa umekwisha kununua au kwa ruhusa ya mwenye duka. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Polista huyeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Kufua koti la manyoya kunataka subira. Beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya maji kidogo sana, usitie sabuni ya unga wala ya kulainisha nguo. Usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze maji yatoke, kisha uliinue kwa mikono yote miwili kutoka chini, kwa sababu uzito wa maji hurarua kuta za ndani. Lianike likiwa limelala, na kila baada ya saa chache vunja mabonge kwa vidole. Kwa jua la Nairobi ni siku mbili hadi tatu. Likikunjwa likiwa na unyevu katikati, litanuka uvundo usiotoka. Kwa hiyo usilinunue jioni ya kuamkia safari.

Mgeni_wa_Baridi

Ahsanteni sana. Nimewaelewa kuhusu pamba. Je, ile mifuko ya kunyonya hewa si ingenisaidia kubana flisi na koti? Na manyoya ya bata yakilowa?

Kamba_na_Mizani

Mifuko hiyo hupunguza ukubwa, haipunguzi hata gramu moja. Kwa orodha ile, begi lako litakuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo ungekuwa unatatua shida usiyo nayo. Tena mtu akiona nafasi imebaki, anaongeza vitu, na mizani ya kaunta inamkamata. Vifuko vya kitambaa chepesi vinatosha kutenga nguo safi na chafu.

Manyoya yakilowa hulala na joto huisha, ndiyo. Lakini kwenye -10 theluji ni kavu, unaikung'uta begani inaanguka. Hatari iko kwenye nyuzi 0 hadi 3, mvua iliyochanganyika na theluji. Safari ingekuwa ya London au Amsterdam yenyewe, ningekwambia chukua koti la pamba bandia ya polista, ambalo hushika joto hata likiwa na maji. Kwa Minneapolis Januari, manyoya yanafaa, mradi kitambaa cha nje kiwe kinazuia maji kiasi.

Soli_Kavu

Hamjagusa viatu, na kidole cha mguu ndicho kinacholia kwanza.

Buti ipite kifundo cha mguu, isiingize maji, na soli iwe na mabonde ya kina cha milimita nne au zaidi. Soli ngumu ya plastiki huzidi kuwa ngumu kwenye baridi na kuteleza kama sabuni. Mpira laini hushika. Kwenye mitumba kunja kiatu katikati uangalie pale soli inapoungana na ngozi. Buti iliyokaa muda mrefu bila kuvaliwa gundi yake huweza kukauka, na soli huachia siku ya kwanza ya kuvaliwa, ingawa kiatu kinaonekana kipya.

Nunua namba moja juu ya unayovaa Nairobi, ili soksi nene iingie na vidole vichezeke. Kuvaa soksi nene mbili ndani ya kiatu kinachobana ni kosa kubwa: damu haipiti vizuri na mguu unaganda ukiwa umefunikwa. Soksi moja ya sufu, basi. Barabara za kule hunyunyiziwa chumvi kuyeyusha barafu. Futa buti kwa kitambaa chenye maji kila jioni, la sivyo ngozi itaacha mistari myeupe na kupasuka.

Glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zina joto kuliko za vidole mbalimbali. Vaa glavu nyembamba ndani yake kwa ajili ya kushika simu.

Mlango_wa_Ukaguzi

Nyongeza ya uwanja wa ndege, kwa sababu kuvaa mzigo kuna adabu yake.

JKIA unakaguliwa mara kadhaa. Huweza kuwa kwenye lango la barabarani, mlangoni mwa jengo, na tena kabla ya kupanda ndege. Ukiwa na buti za kamba ndefu, koti lenye mifuko saba na mkanda wa chuma, kila mara unaanza upya. Tia simu, funguo na sarafu kwenye kifuko kimoja ndani ya begi tangu nyumbani. Koti libebe mkononi, maana Nairobi Januari ni joto na jasho lako la Embakasi utasafiri nalo hadi Marekani. Kamba za buti zilegeze mapema. Ndani ya ndege ziache hivyo hivyo: miguu huvimba ukikaa saa nane, na buti iliyofungwa sana itakuumiza.

Vimiminika, kila chombo kisizidi mililita 100, vyote ndani ya kifuko kimoja kinachoonyesha cha lita moja. Mafuta ya mgando yanahesabiwa humo, na dawa ya meno pia. Usiyaache mafuta: hewa ya kule ni kavu, midomo na vifundo vya vidole hupasuka. Kikopo cha mililita 50 kinatosha siku 12.

Pawabanki iwe kwenye begi la mkononi. Kikomo cha kawaida ni saa-wati (Wh) 100. Ya miliampea-saa (mAh) 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74, iko salama. Hakikisha maandishi yake hayajafutika, kwani wakaguzi huweza kukataa isiyosomeka. Ukiwa nje kwenye -15, simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Betri ikipoa sana simu huzima hata ikionyesha asilimia 40. Ikizima, ipashe joto kwanza ndipo uichaji. Kuchaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0 huiharibu.

Ukirudi, usiingie JKIA na mifuko ya plastiki ya madukani ya huko. Marufuku ya 28 Agosti 2017 bado inafanya kazi.

Mgeni_wa_Baridi

Zile kilo sita zimenifurahisha. Dada ameagiza unga wa wimbi, majani ya chai na kahawa ya kusaga. Naweza kujaza?

Mlango_wa_Ukaguzi

Hapo simama kidogo. Kwa ndege zinazoingia Marekani, vitu vya unga vinavyozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi huchunguzwa zaidi, na mkaguzi asiporidhika havipandi. Mililita 350 ni kama kopo moja la soda. Nawe huna begi la chini la kuvihamishia, kwa hiyo kilo mbili za wimbi zinaweza kubaki Amsterdam. Beba pakiti moja ndogo ya unga. Kahawa iwe ya punje zilizokaangwa, si ya kusaga. Majani ya chai yawe ya vifuko vyenye kamba, kwenye pakiti ya dukani isiyofunguliwa. Nyama usibebe, hata iliyokaushwa, wala matunda mabichi. Kila cha kuliwa mtajie afisa wa forodha ukifika. Asipokiruhusu atakichukua, lakini ukikificha kuna faini.

Kamba_na_Mizani

Na usijaze kilo zote sita. Acha moja ya kurudi nayo. Kama namba ya mguu ya dada inalingana na yako, buti ziache kwake, urudi na viatu vyepesi.