Magari ya mbio yananguruma usiku Knightsbridge, wakazi wananilalamikia mimi. Niandike nini kwenye daftari?

Bawabu wa Usiku

Wakuu, habari za usiku. Mimi ni bawabu wa zamu ya usiku kwenye jengo la makazi Knightsbridge, London, mitaa ya nyuma ya Sloane Street. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Kazi yenyewe haina makuu: kupokea vifurushi, kutunza funguo, kuita teksi, kumfungulia mlango mbwa wa ghorofa ya nne na mwenyewe.

Shida inaanza kila kiangazi. Ukifika mwezi wa saba wageni wanaingia na magari yao, mengine yana namba za Kiarabu, yamesafirishwa kwa ndege kabisa. Lamborghini, Ferrari, McLaren, yote yapo. Hayaendi mbali. Yanazunguka mitaa ile ile, yanapita mbele ya duka kubwa la Harrods, yanakata kona, yanarudi. Baada ya wiki mbili nayajua kwa mlio kabla sijayaona. Kuna moja likifika kwenye taa zetu hapa linapigwa resi mara tatu, kisha dereva anaachia pedali ya mafuta na bomba linafyatua pa-pa-pa-pa. Nyuma ya meza yangu kuna ubao wa funguo za akiba. Likipita, funguo zinalia zenyewe kwenye misumari.

Kabla hazijatulia, simu ya mezani inaanza kuwaka. Namba ya kwanza huwa ni bibi wa ghorofa ya pili. Hapandishi sauti hata siku moja. Anasema tu, "Wameanza tena," halafu ananyamaza, anasubiri nijibu, kana kwamba usukani ninao mimi hapa mapokezi.

Sasa meneja kaniachia daftari. Kalichora safu nne: saa, aina ya gari, rangi, kelele. Nimejaza kurasa tatu, na nikizisoma naona aibu. "Saa 5:40, Lamborghini njano, kelele sana. Saa 5:52, Lamborghini njano, kelele sana. Saa 6:03, Lamborghini njano, kelele sana mno." Linafanana na daftari la mtoto anayependa magari. Nikapakua programu ya kupima kelele kwenye simu, ikasoma 91. Simu ya mwenzangu, tukiwa tumesimama bega kwa bega, ikasoma 78. Sasa ipi ni ipi?

Swali langu ni hili: daftari liandikwe vipi ili huko linakopelekwa lisitupwe kapuni?

Na kuna la pili, hili ndilo linaniumiza kichwa. Kijana wa namba 9 humu humu ndani naye ana McLaren, funguo ya akiba ninayo mimi. Saa nane usiku anashuka gereji ya chini, anawasha, jengo zima linajua. Akifika kwenye mteremko wa kutokea anakanyaga mara mbili tatu ndipo aondoke. Lakini ni kijana mwenye adabu, anaamkia, ananiuliza habari za watoto, mwisho wa mwaka hanisahau. Naye nimwandike?

Fundi Ekzosi

Mkuu, nimelala chini ya hayo magari miaka mingi, ngoja nikupunguzie mzigo. Kelele unazosikia si za aina moja, na ukizichanganya kwenye daftari utamwonea mtu.

Ya kwanza ni ya kuwasha. Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari inapandisha resi yenyewe ili masega yaliyo kwenye ekzosi yapate moto haraka, maana masega yakiwa baridi hayasafishi moshi. Hapo dereva hajagusa kitu. Inachukua nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi, kisha inashuka. Kijana wako wa namba 9 akiwasha na jengo likatetemeka, sehemu kubwa ni hiyo. Kukanyaga kwenye mteremko, hiyo ni yake mwenyewe.

Ya pili ni valvu. Ndani ya bomba kuna kibati kinachozunguka kama kipepeo. Kikifungwa, moshi unapita njia ndefu ndani ya silensa, kile kipunguza kelele, na gari linaongea kwa upole. Kikifunguka, moshi unapita njia ya mkato. Kwenye mengi ya magari haya kipepeo kinafuata modi ya kuendeshea aliyochagua dereva, na mengine yana kitufe chake pembeni. Sikiliza vizuri: gari lile lile lililomwamsha bibi linaweza kupita mlangoni kwako na usinyanyue kichwa. Anayekwambia "gari langu ndivyo lilivyo" mwulize kitufe kiko wapi.

Ya tatu ni hiyo pa-pa-pa. Dereva akiachia pedali ya mafuta ghafla resi zikiwa juu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kidogo na kuchelewesha cheche, petroli inakwenda kuwakia bombani. Mengine yametoka kiwandani hivyo, mengine mtu kalipia programu ibadilishwe. Haiongezi mwendo hata kidogo. Ni fataki tu.

Ya nne ni waliokata silensa au kung'oa masega. Hao huwa hawana usiku wa upole, muda wote ni vurugu. Kwa Uingereza, kanuni za magari za 1986 zinakataza kubadilisha silensa ili gari lipige kelele zaidi, na zinakataza pia kuendesha kwa namna ya kuleta kelele zilizoweza kuepukika. Kwa hiyo hata gari lisiloguswa na fundi linaweza kuwa na kosa kutokana na mguu wa dereva.

Kuhusu programu ya simu, achana nayo. Kipaza sauti cha simu, yaani maikrofoni, kimetengenezwa kwa mtu anayeongea, si kwa silinda kumi. Na desibeli, hizo namba za kipimo cha kelele, hazihesabiki kama shilingi. Ukiongeza 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi, ingawa sikio linasikia kama mara mbili. Kati ya 78 na 91 kuna bonde zima. Halafu umbali: ukirudi nyuma mara mbili ya ulipokuwa, kipimo kinashuka kama desibeli 6. Gari jipya kiwandani linapimwa kwenye uwanja maalumu, kipaza sauti kikiwa mita 7.5 kutoka mstari wa katikati. Wewe upo nyuma ya kioo, una meza, una zulia. Namba yako wataicheka.

Mzee wa Baraza

Hahaha. Yaani matajiri wa zamani wanawashitaki matajiri wapya, na anayekosa usingizi ni bawabu! Mwaka 2016 yalipokuja yale magari ya rangi ya dhahabu kutoka Saudia, si watu walijaa barabarani kuyapiga picha? Sasa unampigia mtu makofi halafu unamkataza kucheza?

Bawabu wa Usiku

Mzee umenichekesha ila umegusa palepale. Vijana wa kamera wapo kila jioni, wamekaa ukingoni mwa barabara, wengine bado wamevaa sare za shule. Gari likikaribia wanafanya ishara ya mkono, kama mtu anayekamua nguo iliyolowa: piga resi! Na dereva anapiga. Saa nne usiku mama zao wakiwaita nyumbani, nusu ya kelele inaondoka nao. Inayobaki ni ya wale wanaojipigia wenyewe.

Dada wa Makaratasi

Kaka, nimefanya kazi miaka kadhaa ofisini kwa chama cha wakazi hapa hapa London, kazi yangu ilikuwa kupanga malalamiko kama haya. Pole, najua hayo madaftari.

Anza na hili, maana wengi wanapotelea hapa. Sheria ya mazingira ya 1990 inampa afisa wa halmashauri nguvu juu ya kelele za muziki wa jirani, za kengele ya gari lililoegeshwa, vitu vya namna hiyo. Kelele za magari yanayopita barabarani imeziweka kando waziwazi. Ndiyo maana mkazi akipiga simu kwa idara ya kelele kuhusu Ferrari iliyokwisha kata kona, anaonekana anasumbua. Si dharau, hawana kifungu.

Halmashauri ya Kensington and Chelsea wakazunguka kwa njia nyingine. Mwaka 2015, kwa kutumia sheria ya 2014 ya tabia za kero, waliweka amri ya kulinda maeneo ya umma Knightsbridge. Soma amri yenyewe utaona haisemi popote "gari la kifahari". Inataja vitendo: kupiga resi, kuongeza kasi ghafla, mashindano, muziki wa juu kwenye gari. Faini iliyowekwa ilikuwa pauni 100, na ikifika mahakamani iliweza kwenda hadi 1,000. Amri hizi zina muda, haziwezi kuzidi miaka mitatu bila kuongezwa, na wakati wa kuongeza wanatafuta ushahidi kwamba tatizo bado lipo. Hapo ndipo daftari la bawabu linapopata thamani.

Kwa hiyo futa safu ya rangi. Weka kitendo. "Alisimama kwenye taa, akapiga resi mara tatu, gari halijatembea." Weka namba ya gari, hata kama umeinasa nusu. Weka ameanza saa ngapi na ameacha saa ngapi, na mara ya ngapi usiku huo. "Kelele sana mno" mwachie bibi.

La pili, jua mpaka wako. Knightsbridge imegawanywa kati ya halmashauri mbili, Kensington and Chelsea na Westminster. Nimeona barua nzuri za kurasa nne zimekwenda kwa halmashauri isiyo yake kwa sababu mlalamikaji anakaa upande huu na gari linapigwa resi upande ule. Andika jina la mtaa ambako gari lilikuwa, si anwani ya jengo lako.

Zipo pia kamera za kelele, Kensington and Chelsea walianza kuzijaribu 2020. Zina vipaza sauti, video na kisoma namba kwa pamoja, na ziliwekwa zishtuke kelele ikipita desibeli 74. Lakini namba za gari la nje zinasumbua. Mgeni anaruhusiwa kukaa na gari lake Uingereza miezi sita ndani ya kumi na miwili bila kulisajili, kwa hiyo kumbukumbu za magari za hapa hazina anwani yake. Barua ya faini itapelekwa wapi? Gari la namna hiyo linahitaji afisa aliyesimama pale pale, amwone dereva uso kwa uso. Polisi nao wanacho kifungu cha 59 cha sheria ya 2002, kinachowaruhusu kulichukua gari linaloendeshwa kwa kero. Tishio hilo dereva analielewa haraka kuliko faini. Mtu aliyelipia gari nafasi kwenye ndege, pauni 100 kwake ni maegesho.

Ndiyo nikasema saa ni muhimu. Ukiweza kuonyesha kwamba Ijumaa na Jumamosi, kati ya saa tano na saa saba usiku, namba zile zile nne zinarudi, umemwambia afisa asimame wapi na lini. Mwenye ratiba anasikilizwa.

Kijana wa namba 9 usimchanganye humo. Akiwa gerejini na kwenye mteremko yuko ndani ya mali ya jengo, na mikataba mingi ya upangaji ina kifungu cha kutowakera majirani, hilo ni la meneja. Ila kabla ya meneja, ongea naye wewe. Mtu anayekuuliza habari za watoto anaambilika.

Bawabu wa Usiku

Wakuu, narudi baada ya siku kumi, samahani kwa ukimya.

Nilimsubiri kijana Jumanne. Nilikuwa nimejipanga maneno mengi, nikayasahau yote, nikamwambia tu, "Bosi, usiku ukiondoka bibi wa ghorofa ya pili ananipigia simu." Alishtuka kweli. Alidhani gereji iko chini sana, juu hakuna anayesikia. Nikamwuliza kuhusu kipepeo, nikajifanya fundi, asante sana Fundi Ekzosi. Tukashuka wote. Kitufe kipo, alikuwa anakijua vizuri, hajawahi kukizima tu. Akawasha, ikanguruma nusu dakika kama ulivyosema, akatulia hadi resi zikashuka, ndipo akapanda mteremko polepole. Juu pale kuna kifuniko cha chuma cha mtaro. Miaka miwili niko hapa sijawahi kujua kwamba matairi yakipita juu yake kinalia tang-tang. Usiku ule nilikisikia.

Daftari nimelichora upya: mtaa, saa ya kuanza, saa ya kuisha, namba, kitendo. Wikiendi ya kwanza nimepata mistari 23, na 14 kati ya hiyo ni magari matatu tu. Lamborghini njano peke yake ina saba. Meneja kasoma, akakaa kimya kidogo, akasema atapiga nakala aipeleke mwenyewe. Zaidi ya hapo bado sina jibu.

Bibi naye alipiga simu jana saa kumi na moja alfajiri. Nikajua McLaren, nikaanza kuomba radhi. Kumbe ni gari la taka.

"Hilo nalo liandike," akasema.

Dada wa Makaratasi, hilo linaingia safu ipi?