Mrejesho: mbao za urembo za gari la kale zimetoka salama

Niliomba ushauri wa namna ya kutoa mbao za urembo kwenye milango na dashibodi ya gari langu la kale bila kuzipasua, na nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu, kwa kuwa zote zimetoka zikiwa nzima.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni ule wa kutovuta chochote kabla ya kutafuta skrubu zilizojificha. Milangoni zilikuwa nyuma ya kishikio, na kwenye dashibodi ubao ulishikiliwa na nati kwa nyuma, ambazo nilizifikia baada ya kuchomoa waya wa betri na kutoa droo.

Klipu, yaani vibanio vya plastiki vinavyoshikilia ubao, ndizo zilizohitaji subira. Nilizipasha joto taratibu kwa kikausha nywele, maana plastiki iliyozeeka huvunjika upesi ikiwa ya baridi, kisha nikapenyeza kabari ya plastiki karibu kabisa na kila klipu, nikiinua kidogo na kuhamia inayofuata. Ubao huu ni utando mwembamba wa mbao uliogundishwa juu ya plaiwudi, hivyo ukiuvuta kutoka ncha moja hupinda, vanishi ikaanza kupasuka na ufa ukafuata nyuzi za mbao. Mahali ambapo vanishi ilikuwa imegandamana na ngozi ya mlango, nilipitisha kwanza wembe mwembamba.

Kona moja ya utando imeinuka kwa unyevu wa zamani. Nitaibana kwa gundi ya mbao kabla ya kurudishia, na klipu zilizolegea nitaweka mpya.