Rimu haikai baada ya kubadilisha breki za mbele? Acheni kuivuta kwa nati!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Anayetaka maneno laini apite tu.

Swali halibadiliki: "Nimewekewa diski na pedi mpya mbele, sasa tairi haikai sawa, fundi kasema litajikaza barabarani." Lijikaze lenyewe? Gurudumu likifungwa vibaya hulegea, stadi (zile boliti ambazo nati hukazwa juu yake) hukatika, halafu unaliona linakupita huku usukani bado umeushika.

Rimu inatakiwa kulala bapa juu ya diski kwa kusukumwa na mkono tu, kabla spana haijagusa nati. Ukiona upenyo hata wa kupitisha karatasi, kuna kitu nyuma kimeizuia. Kitafute! Kazi ya nati ni kubana vitu vilivyokwisha kugusana, siyo kuiburuta rimu ipande juu ya kizuizi. Mbaya zaidi ni fundi wa bunduki ya upepo: mlio ukibadilika anaridhika kuwa imekaza, kumbe kabana kutu.

Na kwenye kutu ndiko uzembe ulikojaa. Diski ya zamani inatwangwa nyundo mpaka itoke, ngao ya vumbi inapinda, wakati diski nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwa kazi hiyo hiyo: unaingiza boliti mbili za milimita 8, unakaza kwa zamu, diski inajisukuma nje yenyewe. Kisha mpya inapachikwa juu ya habu (kitovu kinachozunguka, ambacho diski na rimu hufungwa juu yake) yenye magamba. Viwanda vingi vinaruhusu diski iyumbe kati ya milimita 0.05 na 0.1, basi. Gamba jembamba la kutu karibu na kati linatosha kuvuka hapo, maana kosa la katikati hukua kadiri unavyoelekea ukingoni. Baadaye usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki, na lawama anabebeshwa muuza spea: "diski feki hiyo."

Brashi ya waya na msasa, basi, wala si kazi ya nusu siku. Safisha uso wa habu, kuzunguka mashina ya stadi, ule mdomo wa habu unaoingia kwenye tundu la katikati la rimu, na mgongo wa rimu yenyewe. Grisi kwenye nyuzi za stadi hapana, inafanya nati ikaze kupita kiasi kwa nguvu ile ile.

Habu ikiwa safi na rimu bado inayumba, angalia skurubu ndogo inayoshikilia diski. Kichwa chake kizame, kisichomoze hata kidogo. Angalia pia vile vibati vya duara ambavyo kiwanda huvivisha kwenye stadi ili diski isidondoke njiani. Vikirudishwa na rimu haina vishimo vya kuvipokea, haikai. Vitoe, utupe. Rimu na nati ndizo zinazoshika diski.

Halafu kuna spea yenyewe. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuja na breki za vipimo viwili au vitatu kulingana na injini. Agizeni kwa namba ya chesisi, siyo kwa "naomba diski za mbele". Kabla ya kufunga, laza ya zamani na mpya pamoja, pima kipenyo, unene, tundu la kati na urefu wa kikombe, yaani ile sehemu inayokaa juu ya habu. Urefu wa kikombe ndio unaosahaulika, na ndio unaoamua diski itapita katikati ya kalipa (kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski) au itasugua upande mmoja.

Sasa anakuja fundi anasema "weka spesa", yaani kipande cha chuma kati ya habu na rimu cha kuisukuma rimu nje. Spesa ya nini, mzee, kama hata hujajua kinachogusa ni nini? Paka chaki kwenye kalipa, vaa rimu, kaza nati kwa mkono, zungusha polepole raundi moja, vua. Chaki ikifutika usoni mwa kalipa, spoku ndizo zinazogusa, na hapo spesa angalau ina hoja. Ikifutika mgongoni, upande wa juu, ni pipa la rimu, yaani ule mduara wake wa ndani: kipenyo ni kidogo na spesa haitaongeza kipenyo. Na kabla hujatupa rimu, papasa ndani yake. Wakati mwingine ni zile risasi za kubalansi zilizobandikwa pale pale kalipa inapopita.

Jibu la 2

Ongezea hili mkuu, watu hawalijui. Kalipa ya pistoni moja huteleza kwenye pini zake. Pedi ya nje ikiisha, mwili wa kalipa unasogea ndani. Ukiweka pedi mpya zenye milimita 10 mahali pa zile zilizobaki na 3, uso wa kalipa unatoka nje karibu milimita 7. Ndiyo maana rimu za kununua pembeni zilizokuwa zinapita vizuri mwezi uliopita leo zinakwaruza, na kila mtu anaapa hakuna kilichobadilishwa ila pedi. Rimu ndiyo ilikuwa imebana tangu mwanzo. Soma namba ya ET mgongoni mwake, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu: kutoka ET45 kwenda ET38, rimu inatoka nje milimita 7.

Jibu la 3

Na wapenda spesa wahesabu mizunguko. Stadi ya milimita 12 inataka nati iingie angalau milimita 12, yaani mizunguko 8 kwa nyuzi za 1.5 (milimita nati inazosogea kila mzunguko), au karibu 10 kwa za 1.25. Spesa ya milimita 5 inakula milimita 5 za stadi, tena inafunika mdomo wa habu, rimu inabaki inaning'inia kwenye nati peke yake. Kama huwezi kufikisha hesabu hiyo, weka stadi ndefu au achana nayo.

Mwanzisha uzi

Sahihi wote wawili. Kukaza: gari likiwa bado juu ya jeki, nati kwa msalaba, kidogo kidogo. Kisha lishushe, umalizie kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari; gari ndogo nyingi huangukia karibu na Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Na mliopandisha breki kubwa, ijaribuni tairi ya akiba mbele leo, gari likiwa nyumbani. Zile nyembamba za muda mara nyingi hazipiti juu ya kalipa.