Video za send-off zinagoma kwenye programu ya kuhariri, msaada wakuu

Mpigapicha_Moro: Wakuu heshima kwenu. Nina kazi ya send-off na mwenye shughuli hanipumzishi kwa simu. Klipu walizorekodi mashangazi kwa iPhone zinaingia kwenye programu, sauti ipo ila picha ni nyeusi tii. Ya kamera yangu nayo, betri ilizima watu wakiwa kwenye keki. Faili lina GB 11 lakini hata VLC hailichezi. Nimebadilisha jina kutoka MOV kuwa MP4, wapi! Natumia Windows.

Kibakuli: Rudisha hela mapema mkuu 😂

fundi_wa_klipu: Mpuuze huyo. Una matatizo mawili yasiyohusiana kabisa.

Fungua klipu ya iPhone kwenye MediaInfo (programu inayoonyesha undani wa faili), chini ya Video utakuta HEVC, aina ya ubanaji wa picha ambayo nadhani programu yako haiisomi. iPhone nyingi zinarekodi hivyo tangu iOS 11 ya 2017. MOV ni kasha tu, kubadili jina hakugusi kilichomo ndani. Ipitishe HandBrake (programu ya kugeuza video), chagua H.264, ubanaji wa zamani unaosomeka karibu kila mahali, kisha weka Constant Framerate, yaani idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde isibadilike. Hapo usiparuke: kasi ya fremu za simu hupanda na kushuka, kwa hiyo ukiacha ilivyo, sauti itaachana na midomo kadiri klipu inavyoendelea.

Ya kamera, picha zimo ila ramani haipo. Kamera inamimina data muda wote unaporekodi, ukishabonyeza kusimamisha ndipo inaandika sehemu inayoitwa moov, inayoonyesha kila fremu iko wapi. Umeme ukikata kabla ya hapo, haiandikwi. Lijaribu kwenye ffmpeg (programu ya video inayotumia amri za kuandika), nadhani utaletewa "moov atom not found". Dawa ni untrunc, programu ya bure ya kukarabati video zilizokatika. Inataka faili zima la kamera hiyohiyo ili isome muundo wake.

Dada_Lenzi: Kabla ya yote kopi kila kitu kilichomo kwenye kadi, na usirekodi chochote juu yake! Mashangazi waambie siku nyingine waende Settings, Camera, Formats, wachague Most Compatible. Na wakikutumia kwa WhatsApp watume kama document, la sivyo unapokea video iliyobanwa mpaka basi.

Mpigapicha_Moro: Asanteni, za iPhone zimekubali. ffmpeg imeandika vilevile ulivyosema, fundi. Shida ni kwamba faili zima nililonalo ni la fremu 25 kwa sekunde, na keki nilirekodi kwa 50. Litafaa?

fundi_wa_klipu: Usilitegemee, unaweza kupata picha zilizovurugika. Chukua kamera hiyo, weka kadi NYINGINE, rudisha mipangilio ya siku ile yote: 50, ukubwa uleule, sauti ileile. Rekodi dakika moja, hata ukuta, usimamishe mwenyewe. Hilo ndilo uipe untrunc.