Tupeane uzoefu: Mliofika Eritrea, kibali na pesa mlivipangaje?

Wadau, salaam. Mwakani, Mungu akipenda, nataka kwenda Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kisha nishuke Massawa, mji wa bandari, na Keren. Sisi Wakenya hatudaiwi viza, lakini mgeni haruhusiwi kutoka nje ya Asmara bila kibali cha maandishi, na kwenye vizuizi vya barabarani kinaangaliwa. Nimesoma mengi ya watalii wa Ulaya. Sasa nawataka wenye pasipoti kama zetu. Simulieni bila kufupisha, na njia ya ndege pia, maana Ethiopian Airlines ilisimamisha safari za Asmara Septemba 2024. Natokea Nairobi.

*Mwana wa Mji wa Kale, Mombasa*
Ndugu yangu, mimi nilipitia Cairo. Beba cheti cha homa ya manjano. Kibali unakitafuta ukishafika Asmara, ofisi ya utalii iliyo barabara ya Harnet. Unaandika unakwenda wapi, tarehe gani na kwa usafiri gani. Miji yote unayoitaka iandike mapema, kwa sababu mji usiokuwemo kwenye karatasi huendi. Fika mwanzoni mwa juma, usiangukie siku ofisi zimefungwa. Mimi walinihudumia kwa upole kabisa.

Massawa ndiyo iliyonishika. Asmara iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Unateremka kama kilomita 115 za kona na ukungu mpaka joto linakupokea. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zina roshani za mbao, na vichochoro vyake ningeweza kuvipita nimefumba macho, kwa jinsi vinavyofanana na vya kwetu. Lakini nyingi zimebomoka tangu mapigano ya 1990 ya vita vya uhuru wao, na hazijainuliwa. Iliniuma sana. Nenda kati ya Desemba na Februari. Kiangazi cha kule si cha kutembea.

*Binti Ilala*
Watanzania wenzangu, sisi viza tunaihitaji, tena iwe mkononi kabla ya kupanda ndege. Yangu niliiombea ubalozi wao wa Nairobi, na ilichukua muda, basi usikate tiketi kwanza.

Kuhusu pesa: dola taslimu, za kukutosha safari nzima. Kadi zetu hazitoi pesa kule, na mambo ya kutumiana kwa simu yasahau. Unapoingia unatangaza fedha ulizonazo kwenye fomu. Itunze pamoja na risiti za kubadilishia. Bei rasmi ni nakfa 15, pesa yao, kwa dola moja. Atakayekuita pembeni akupe zaidi, mkatalie, ni kosa la kisheria.

Data ya simu hakuna. Nilimwambia mama kabisa kwamba nitampigia kutoka hotelini, la sivyo angekesha. Ramani zipakue ukiwa bado nyumbani.

*Mdau wa Kampala*
Picha: wanajeshi, majengo ya serikali, acha. Majengo ya Kiitaliano ya enzi za ukoloni piga utakavyo. Msikose Fiat Tagliero, kituo cha mafuta cha 1938 chenye mabawa ya zege, na sinema ya Impero. Asmara iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO 2017 kwa sababu ya hayo. Makaburi ya vifaru, yaani mahali palipolundikwa vifaru vya kivita vilivyoharibika, nayo yana kibali chake. Keren nenda Jumatatu, siku ya mnada wa ngamia.

*Mleta mada*
Mmenifaa sana. Na visiwa vya Dahlak, kuna aliyefika?

*Mwana wa Mji wa Kale, Mombasa*
Dahlak ni kibali kingine tena, na boti ya kukodi kutoka Massawa ambayo kwa mtu mmoja ni ghali mno. Mimi niliishia kuiangalia bahari. Kama una tarehe za Januari niambie, nakuja. Tukipatikana wanne gharama ya boti inabebeka.